Hesabu ya Mapipa ya Silanga

Katunge Ndululu alikuwa na tabia iliyowachosha watu: hakukubali jibu bila kuonyeshwa lilikotoka. Wanafunzi wake wa fizikia huko Kawangware walimbandika jina la Madam Onyesha, kwa sababu ukimpelekea jibu sahihi lisilo na hatua zake alilikata mstari mwekundu na kukurudisha mezani kwako. Ukimpelekea jibu baya lenye hatua safi, alikupa nusu ya alama na kukusifu mbele ya darasa zima. Wazazi walilalamika, mwalimu mkuu naye akalalamika. Katunge aliwasikiliza wote kwa heshima, kisha akaendelea vilevile.

Alizaliwa Mutomo, huko Kitui, binti pekee katika nyumba iliyojaa wavulana. Aliambiwa fizikia ni somo la kaka zake, na kwake hiyo ikawa sababu tosha ya kulichukua. Alikuja Nairobi kusomea ualimu, akapata kazi katika shule ndogo ya mabati, akapanga chumba Gatina, hukohuko Kawangware. Alipofika umri ambao shangazi zake walianza kumtafutia mchumba kwa simu, yeye alijiandikisha chuo kikuu kusomea shahada ya pili, masomo ya jioni. Shangazi hao hawajamsamehe mpaka leo, na yeye hajaomba msamaha.

Huko chuoni ndiko alikokutana na muoni. Neno lisikutishe. Kuna chembe zinazotoka mbali sana, mbali kuliko jua, zikija kwa kasi isiyosemeka. Chembe moja ikigonga hewa huko juu, inapasuka. Vipande vyake navyo vinagonga na kupasuka, na kinachofika chini ni mvua ya chembe inayoenea eneo la kama uwanja wa mpira. Huioni wala hailowanishi nguo. Nyingi katika chembe hizo ni laini, zinakwama kwenye chochote zinachokutana nacho. Lakini muoni, aina moja ya chembe hizo, ni wagumu. Wanapita bati, wanapita dari, wanakupita na wewe ulivyoketi hapo, kisha wanaingia ardhini na safari yao. Ukihesabu waliofika chini, unaweza kukadiria ile chembe ya kwanza kabisa ilikuja na nishati kiasi gani. Kazi yenyewe ni hiyo.

Msimamizi wake, Profesa Musembi, alikuwa na wenzake ng'ambo waliotaka vipimo vya aina hiyo kutoka karibu na ikweta. Profesa alitaka vifaa viwekwe ndani ya ua wa chuo, palipo na mlinzi na nyasi zilizokatwa. Katunge alitaka seti moja ikae Kawangware na nyingine Kibera. Profesa alipouliza kwa nini, alijibiwa kwamba mvua hiyo inanyesha huko pia. Profesa alicheka, akaona Katunge hacheki, akatia sahihi.

Mapipa yalitengenezwa na Dalmas Awiti, fundi wa mabati wa Silanga, ule upande wa Kibera unaopakana na bwawa. Dalmas alikuwa mtu wa ziwani, mtulivu, mwenye mkono mzuri. Aliyaunda na vifuniko vilivyobana kiasi kwamba hata jua la saa saba halikupenya. Matatu yakabaki uani kwake, pale mkewe Risper alipouzia mboga. Mengine matatu yakaenda Kawangware, uani kwa Nduta, jirani ya Katunge aliyeuza makaa. Kila pipa lilijazwa maji safi, na kwenye kifuniko likawekwa jicho la kioo likitazama chini. Muoni akipita ndani ya maji anaacha mwanga mdogo wa buluu. Jicho linauona, sanduku la pembeni linahesabu. Sanduku hilo lilikuwa na vyumba pia: mwanga hafifu uliingia vyumba vya chini, mwanga mkali vyumba vya juu. Na mapipa yote matatu yakishtuka kwa pamoja, basi mvua ya chembe imenyesha, na namba ya juu kabisa inapanda moja.

Katunge alipenda kuwaelezea majirani. Watoto wakimuuliza kama muoni anaweza kuzuiwa na mlango, alisema hazuiliki na mlango wala na ukuta. "Anapita kila kitu," alikuwa akisema. Aliyasema hayo mara nyingi, na kwa raha, na katika mambo yote aliyowahi kufundisha hayo ndiyo pekee ambayo hakuyaonyesha hatua.

Kisha ukaja uchaguzi. Watu walipiga kura Alhamisi, Desemba ya 2007, kwa foleni ndefu na subira ya ajabu. Kufikia Jumamosi matokeo yalikuwa bado, na jiji zima lilikuwa linaongea habari moja tu, ya kuhesabu. Nani anahesabu, wapi, mbona anachelewa. Siku kama hizo si siku za mtu kuwa na mashine yenye nyaya, imefunikwa gubigubi, ambayo ukiuliza kazi yake unaambiwa inahesabu. Dalmas alipiga simu, sauti chini.

"Madam, kuja. Kuna vijana hapa wanasema kura za Kibera zinapunguziwa kwa hizi pipa. Wako na petroli."

Mtu mwenye akili zake angebaki nyumbani. Katunge alifunga leso kichwani, akakata njia kwa Ngong Road kwa miguu, akaingia Silanga jasho likimtiririka. Uani kwa Dalmas palijaa watu. Mbele yao alisimama kijana mpana wa mabega aliyeitwa Khamala, kibarua wa mjengo, mtu ambaye wenzake walinyamaza akifungua mdomo.

"Wewe ndio mwenye hii kitu?" Khamala akauliza.

"Ni mimi."

"Inahesabu nini?"

"Chembe zinatoka huko juu."

"Na huko juu nao walipiga kura?"

Watu wakacheka, na hakikuwa kicheko kizuri. Katunge akakaza fundo la leso yake.

"Hawakupiga," akasema. "Ndio maana hesabu yao bado iko safi."

Kicheko cha safari hii kilikuwa tofauti kidogo. Khamala hakucheka.

"Nani huwa anabadilisha namba?"

"Hakuna. Kuja uone."

Akamvuta kwa mkono, mtu ambaye alikuwa hajawahi kumwona, akamsimamisha mbele ya kidirisha cha sanduku. Akamwambia asiondoe macho kwenye namba ya juu. Uwanja ukatulia. Dalmas alikuwa amesimama mbele ya mlango wake, nyundo mkononi, ingawa hapakuwa na kazi yoyote ya nyundo. Wakangoja. Namba ikapanda moja, yenyewe, hakuna aliyeigusa. Wakangoja tena, ikapanda.

"Hiyo imenyesha sasa hivi," Katunge akasema. "Imenyeshea wewe, imenyeshea mimi, imenyeshea wale wako State House. Na sikia. Siku nitapika hii hesabu, hata namba moja, rudi na hiyo petroli yako. Mimi mwenyewe nitakuletea kiberiti."

Khamala aliitazama namba mara moja tena. Halafu akageuka, akawaambia wenzake twendeni, wakaenda. Wa mwisho wao aliupiga teke uzio wa Dalmas, basi tu, asiondoke mikono mitupu.

Jumapili matokeo yalitangazwa na jiji likawaka. Katunge alikuwa ameshavuka kurudi Kawangware. Kwa siku nyingi harufu ya moshi haikutoka kwenye nguo. Maduka yalifungwa, unga ukaadimika, vocha za simu zikauzwa kwa kunong'onezana. Kundi moja lilikuja kumtafuta Nduta kwa sababu ya lugha aliyozaliwa nayo. Katunge aliweka kiti mlangoni pa ua, akakaa, akawaambia kwamba humo ndani ni kwake na kwa Nduta, wakate shauri wanaanza na nani. Alikuwa anatetemeka, na aliwaambia pia kwamba anatetemeka, ili wasidhani wamegundua kitu. Walisimama, wakatukana, wakaenda kwingine. Nduta alilala chumbani kwa Katunge mwezi mzima, na mapipa yake matatu yakaendelea kuhesabu pembeni mwa makaa.

Njia ya kwenda Kibera ilikuwa imezibwa. Kila asubuhi Dalmas alisoma namba za Silanga kwa simu, haraka haraka kabla salio halijaisha, na Katunge akaziweka kando ya zile za Kawangware. Wiki ya kwanza zilikuwa ndugu. Katikati ya Januari za Silanga zikaanguka. Mvua za chembe zilizokuwa zikihesabiwa pale zilipungua kwa zaidi ya nusu, wakati Kawangware hapakubadilika kitu.

"Baba Ryan, umegusa pipa?" Katunge akamuuliza Dalmas, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Sijagusa, madam. Hakuna mtu amegusa. Naapa."

"Maji imevuja?"

"Haijavuja. Jicho liko sawa. Kila kitu iko vile uliacha."

Dalmas hakuwa mtu wa kusema uongo, na Katunge alijua hivyo. Jambo hilo ndilo lililomkosesha raha.

Mwisho wa mwezi aliweza kufika chuoni. Profesa Musembi alimpokea vizuri, akamuulizia watu wa nyumbani, akamsimulia jinsi ndugu yake alivyokimbia Eldoret bila hata viatu. Alikuwa amekonda. Kisha akazitazama namba, akatikisa kichwa.

"Betri hiyo, au jicho limechoka. Si neno. Zidisha za Silanga mpaka zilingane na za Kawangware, tuwatumie wenzetu. Wanataka tarakimu moja kwa kila kituo."

"Tunazidisha kwa sababu gani, Profesa?"

"Kwa sababu hazilingani."

"Hiyo si sababu. Hiyo ni hamu."

Profesa alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, na simulizi hii haitamfanya kuwa mbaya. Alieleza kwa upole kwamba kila mtu katika kazi hii hurekebisha vipimo. Alieleza pia kwamba bila tarakimu hiyo wenzao wangemwambia afunge kituo cha Kibera, ayalete mapipa chuoni penye nyasi, na tasnifu ya Katunge, iliyosimama juu ya vituo viwili, ingebaki na mguu mmoja. Angeanza upya. Pengine asingemaliza.

"Katunge," akasema, "nchi inaungua, na wewe unapigania tarakimu."

"Nchi inaungua kwa ajili ya tarakimu, Profesa."

Alisema hivyo akaondoka, na njiani hofu ikamshika. Miaka yake minne ya masomo ya jioni ilikuwa humo, na nauli, na usingizi, na vicheko vya shangazi. Kuzidisha ni kazi ya nusu saa. Hakuna ambaye angejua. Alijichukia kwa jinsi wazo hilo lilivyokuwa tamu.

Nyumbani alimpigia Dalmas, akamwomba asome vyumba vyote vya sanduku, kimoja kimoja, siyo ile namba ya juu peke yake. Vocha tatu zilikwenda humo. Nduta alikuwa akichambua mchele kitandani, akamwona jirani yake akiweka kalamu chini ghafla.

"Ni nini?" Nduta akauliza.

"Chumba cha saba hakijahama."

"Na hicho chumba kina nani?"

Chumba cha saba ndicho walichoingia muoni wenye nguvu, wanaokata maji yote ya pipa kutoka juu hadi chini na kuacha mwanga uleule kila mara. Kama jicho lingekuwa limechoka, lingeona kila mwanga umefifia, na hao wa chumba cha saba wangeshuka wakaingia cha tano au cha nne. Hawakushuka. Walikuwa wamepungua kidogo tu, na walikaa palepale. Waliotoweka ni wa vyumba vya chini: zile chembe laini, na muoni wenye nishati ndogo, ambao hufika wakiwa hoi, wakasimama katikati ya maji na kuacha nusu ya mwanga. Jicho lilikuwa zima. Kilichokuwepo ni kitu kizito kilichokaa juu ya mapipa, kinachowazuia wanyonge na kuwaachia wenye nguvu.

Hapo ndipo maneno yake mwenyewe yalipomrudia. Anapita kila kitu. Nani alisema? Muoni anapita kadiri nishati yake inavyomruhusu, hatua moja zaidi hapiti. Ukidhani wote wana nishati kubwa, utaona wachache wamefika na utasema mvua ilikuwa ndogo, kumbe ilikuwa kubwa na nusu yake imekwama njiani. Katunge alijiita mjinga kwa Kikamba, lugha ambamo neno hilo lina uzito wake.

Februari, hali ilipoanza kutulia, alikwenda. Karibu na kuingia Kibera vijana walikuwa wameweka mawe barabarani.

"Kabila gani?" mmoja akamuuliza.

"Mwalimu."

"Tumeuliza kabila."

"Na mimi nimekwambia kazi."

"Huyu ni Mkamba, si unasikia vile anaongea," mwingine akasema. "Wacha apite."

Akapita, na kupita huko kulimuudhi kuliko kama wangemzuia. Kuachiwa njia kwa ajili ya lafudhi. Alitembea akisonya mpaka Silanga.

Alipoingia uani kwa Dalmas, hakuyaona mapipa. Aliona shamba. Juu ya mbao, magunia manene yalikuwa yamesimama yamejaa udongo wa bwawa, na katikati ya kila gunia kulikuwa na nguzo ya mawe ya kupitisha maji, kama watu wa Silanga wanavyopanda siku zote wasipokuwa na ardhi. Sukuma wiki ilikuwa imechipua juu na kwenye matundu ya ubavuni. Chini ya mbao, ukiinama sana, ndipo ungeona mapipa.

"Karibu, madam," Risper akasema, akijipangusa mikono. "Umeona vile zimejificha?"

"Nimeona, Mama Ryan."

"Ile siku ya Khamala ilinifunza. Kulikuja wengine baadaye, hawa hawakuwa wa kusikiza mtu. Nikasema, hii kitu haifai kuonekana. Na hapa nani huangalia gunia ya sukuma? Walipita hapo mara mbili. Mmoja hata alichuna majani."

"Na Baba Ryan akaniambia hakuna kitu imebadilika."

Dalmas alikuwa mlangoni, ameinua mikono. "Pipa sikugusa, madam. Wewe ulisema tusiguse pipa, na hatukugusa. Gunia iko juu ya mbao. Na ulisema hizo vitu zinapita kila kitu. Zipite nyumba, zishindwe na udongo?"

Katunge akaketi juu ya ndoo. Alicheka, na ndani ya kicheko kile kulikuwa na aibu ya kweli, kwa sababu watu hawa walikuwa wamehatarisha nyumba yao kwa ajili ya mapipa yake, na wamekosea kwa kuamini alichowafundisha.

"Niliwadanganya," akasema. "Zingine hukwama."

"Zipi?" Risper akauliza.

"Zile zimefika zimechoka."

"Kumbe hata za huko juu huchoka."

Hakuomba magunia yaondolewe. Soko lilikuwa limeungua, na wapangaji wa ploti nzima walikuwa wakichuma hapo. Alichoomba ni rula, na mizani ya muuza makaa wa hapo Silanga. Alipima kimo cha udongo, akapima uzito wa debe moja ukiwa umelowa, kisha akaanika mwingine na kuupima ukiwa mkavu. Khamala alipita, akasimama kuangalia. Mkono wake mmoja ulikuwa umefungwa kitambaa, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

"Madam, toa tu gunia, namba irudi," akasema.

"Nikitoa, ya leo itarudi. Ya Januari haitarudi. Januari ilikuwa hivyo ilivyokuwa."

"Si utaongeza zile zilikwama?"

"Zilikuwa ngapi?"

Khamala akafikiri. "Sijui."

"Hata mimi sijui. Sasa nitaongeza nini?"

Mchana ule waliyashusha magunia kwa saa chache, ili Katunge apate namba ya kulinganisha, Khamala akibeba kwa mkono mmoja na Dalmas akiguna upande wa pili, Risper akiwapigia kelele wasivunje miche. Namba ikaanza kwenda mbio, na kufikia jioni mwendo wake ulikuwa ule wa Kawangware. Wakayarudisha magunia. Namba ikapoa. Katunge alirudi Gatina na majani ya sukuma kwenye mfuko, akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti mbaya.

Profesa Musembi alisikiliza habari yote akiwa amesimama. Ubaoni alikuwa ameshaandika tarakimu ya Silanga, ile iliyozidishwa, na simu ya wenzake ilikuwa inangojwa muda wowote. Habari ilipofika kwenye magunia, alicheka mpaka akafuta macho.

"Safi sana," akasema. "Sasa sababu unayo. Ni udongo. Basi una haki ya kuzidisha."

Katunge hakuwa ametegemea hilo. Lilikuwa jambo la haki kusemwa.

"Sina," akajibu polepole. "Ili nizidishe, lazima nijue wale waliokwama walikuwa na nishati gani. Silanga hatujapima hiyo. Nitaichukua wapi? Kwenye kitabu. Na si ndicho tulichotumwa kupima, Profesa, kama hicho kitabu kinasema kweli? Nikizidisha kwa nishati ya kitabuni, nitakuwa nimejibu swali kwa kulinakili. Kila mtu ataona Silanga na Kawangware zinalingana, na atadhani tumepata kitu. Tutakuwa hatujapata chochote."

"Unataka tuwape nini, basi?"

Alichukua kifutio, akaifuta tarakimu ya Profesa. Hakuwahi kumfutia mwalimu ubao maishani mwake. Akaandika ile ndogo, kama Dalmas alivyoisoma, na kando yake akaandika kimo cha udongo na uzito wake. Chini yake akaandika ile ya mchana bila magunia.

"Hizi mbili. Moja wazi, moja chini ya udongo. Tofauti yao itatuambia waliokwama walikuwa wanyonge kiasi gani. Hiyo ndiyo nishati yenyewe, imepimwa, haijakisiwa."

"Ni ya mchana mmoja tu, Katunge. Ni kidogo mno."

"Ni kidogo. Nitaandika kwamba ni kidogo."

"Watasema wanataka moja. Watakifunga kituo."

"Ile nyingine ukiitaka, chaki hiyo hapo. Iandike kwa mkono wako, na chini yake uweke jina lako. Langu halitakaa hapo."

Aliisema kwa sauti ya kawaida, ile ya darasani. Profesa aliichukua chaki. Aliitazama namba ndogo, akatazama nafasi tupu iliyobaki baada ya kufutwa, na vumbi jeupe lilikuwa bado linaanguka kwenye fremu ya ubao. Simu ikaita. Aliiacha iite. Kisha akaweka chaki mezani, akainua simu, akaongea na watu wa ng'ambo kwa Kiingereza chake cha taratibu. Aliwaambia Kibera ina tarakimu mbili. Akasikiliza. Akasema hapana, hawatazidisha. Upande wa pili uliongea kwa kirefu, na yeye akaitikia kwa kifupi, mara kadhaa, mgongo wake ukiwa umemgeukia Katunge.

Alipokata simu hakugeuka mara moja.

"Wametutoa," akasema. "Kibera haimo tena kwenye ripoti."

"Wametutoa," Katunge akakubali, akiokota mkoba wake. "Hawakutubadilisha."